Muhogo na Ndugu Yake Mpira

Leo sitaanzia shambani. Naomba twende nyuma ya jiko, pale ulipo mti wa kisamvu cha mpira. Huku kwetu Tanga nyumba nyingi zinao. Ukienda Muheza utaukuta, ukienda Pongwe, Maramba au Pangani utaukuta vilevile, umesimama mpakani au kando ya banda la kuku. Hakuna anayeupalilia wala kuutilia samadi. Mama akitaka mboga hukata majani machanga, akayatwanga, akayachemsha vya kutosha, akatia nazi, watu wakala.

Mti huo ni ndugu wa muhogo. Sisemi hivyo kwa sababu majani yanafanana tu. Ni wa ukoo mmoja kabisa, na wote wawili asili yao ni Amerika ya Kusini. Na kama shambani kwako umepanda mihogo ile tunayoiita ya kisasa, huenda ndani yake mna vipande vya mti huo wa nyuma ya jiko. Kazi ya kuvitia vipande hivyo ilifanyika hapa hapa mkoani, kule Amani juu ya Muheza, zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Utauliza, Bwana Shamba, mambo ya zamani hivyo ya nini? Nakueleza kwa sababu mimi mwenyewe niliyajua nusu nusu, na ile nusu niliyokuwa siijui ilimpotezea mzee mmoja msimu mzima.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mzee huyo, mwenyeji wa upande wa Mkinga, alikuwa na eka moja na nusu ya mihogo iliyojikunja majani kama iliyopitiwa na moto. Ilikuwa batobato. Nikamwambia, "Mzee, ng'oa yote hii. Nitakuletea vipando vya mbegu ya kisasa, na batobato hutaiona tena." Akakubali. Vipando nilivichukua katika shamba moja ambalo majani yake yalipendeza sana, na sikuuliza zaidi ya hapo. Mihogo ikaota, ikastawi, majani mapana ya kijani kibichi, hata wapita njia wakawa wanasimama kuitazama. Mwezi wa kumi na moja tangu kupanda, mzee akaniita. Nilikwenda nikijua naitiwa mavuno. Nikamkuta amechimba mashina kama ishirini, mihogo kaipanga juu ya jamvi, mikubwa ya kutamanisha. Akachukua panga akaukata mmoja katikati. Ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili, na wa tatu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, umenipa majani. Mimi niliomba chakula."

Sikuwa na la kujibu. Mwaka ule bada nyumbani kwake ilipikwa kwa unga wa kununua.

Basi tuanze na lile ambalo nilipaswa kumwambia mzee siku ya kwanza: maradhi makubwa ya muhogo ni mawili, na mbegu inayoshinda moja si lazima ishinde la pili.

Batobato unaifahamu. Majani huwa na mabaka ya njano na kijani, hujikunja, mmea hudumaa, mihogo ikawa kama vidole. Ni ugonjwa usiojificha. Wa pili ni michirizi ya kahawia, na huu ni mnafiki. Majani hayajikunji. Yale ya chini, yaliyokomaa, hupata unjano kandokando ya mishipa, na mkulima hudhani yanazeeka tu. Kwenye shina changa la kijani huonekana michirizi ya rangi ya kahawia, lakini si kila mara. Hasara yenyewe iko chini ya udongo, ambako hakuna anayeiona mpaka siku ya kuchimba. Magonjwa yote mawili yanaletwa na virusi, yote mawili yanabebwa na nzi weupe wale wadogo wanaokaa chini ya majani, na yote mawili husafiri mbali zaidi kwa mkono wetu sisi wenyewe, ndani ya vipando tunavyopeana.

Pwani hii ina historia ndefu na maradhi hayo. Batobato iliandikwa kitabuni kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani aitwaye Warburg, na mahali alipoieleza ni Usambara. Michirizi ya kahawia iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 na Mwingereza aitwaye Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea, akiwa Amani. Kwa hiyo magonjwa yote mawili yaliingia katika elimu ya dunia kupitia mashamba ya mkoa huu. Si sifa ya kujivunia, lakini ndivyo ilivyo.

Muhogo wenyewe ni mgeni Afrika. Uliletwa na Wareno kutoka Brazili, na kwao ulikotoka batobato haikuwepo. Virusi vya batobato ni vya huku kwetu. Vilikuwa vikiishi katika mimea mingine kabla muhogo haujafika. Mgeni alipoingia hakuwa na kinga, kwa sababu ukoo wake haukuwahi kukutana na adui huyo.

Sasa mti wa mpira uliingiaje? Nao uliletwa na watu. Wajerumani walipotawala walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakajaribu mimea ya kila aina. Mpira huu ulipandwa kwa ajili ya utomvu wake, na mashamba makubwa yakalimwa nyanda za chini za Tanga. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka vibaya, maana mpira wa mashambani kutoka Asia ulikuwa umejaa sokoni, na mashamba mengi ya huku yakaachwa. Mti ukabaki bila mwenyewe. Ukajiotea vichakani na mipakani, na watu wakaona kuwa majani yake ni mboga. Hivyo ndivyo ulivyofika nyuma ya jiko lako.

Waingereza walipoufufua utafiti wa Amani mwishoni mwa miaka ya 1920, batobato ilikuwa imewashinda wakulima Afrika Mashariki nzima. Storey alishughulika na ugonjwa wenyewe, na mwenzake Nichols akashughulika na kuzalisha mbegu. Kwanza walikusanya mihogo ya nchi mbalimbali wakaipanda pale ili waone ipi itasimama. Baadhi ilivumilia kidogo, lakini hakuna uliosimama kweli. Ndipo katika miaka ya 1930 wakageukia ndugu za muhogo, mpira ukiwa mmojawapo. Mpira nao huweza kuambukizwa, usidhani ni chuma, lakini uvumilivu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa muhogo wowote waliokuwa nao.

Kuoanisha mimea hii kunataka mikono mitulivu. Muhogo una maua ya kike na ya kiume katika kichala kimoja, na ya kike hufunguka kwanza. Mfanyakazi huyafunika kwa mfuko kabla hayajafunguka ili mdudu asiwahi, kisha huleta chavua ya mpira na kuipakaza. Tunda hufunikwa tena, kwa sababu likikomaa hupasuka na kurusha mbegu zake tatu mbali. Kazi hiyo ilirudiwa ua baada ya ua, mwaka baada ya mwaka. Kwenye vitabu utayakuta majina ya Storey na Nichols. Waliopanda ngazi na kufunga mifuko, wengi wao bila shaka ni babu zetu wa Usambara na Bonde, majina yao ni shida kuyapata, na mimi naona hilo ni deni.

Watoto wa kwanza wa ndoa hiyo walikuwa na nguvu, lakini hawakuwa chakula. Walirefuka kama miti na mizizi yao ilikuwa kama kuni. Nani atapika hiyo? Basi wakawaoanisha watoto hao tena na muhogo mzuri. Wajukuu wakaoanishwa tena na muhogo, na vitukuu tena. Fuata hesabu. Mtoto wa kwanza ni nusu mpira. Akirudishwa kwa muhogo, mtoto wake huwa na robo ya mpira. Mara ya pili, thumuni. Mara ya tatu, sehemu moja tu kati ya 16. Na kila kizazi kilipandwa mahali penye maradhi, kilichougua sana kikatupwa, kilichosimama kikaendelea. Hivyo walipunguza mpira kidogo kidogo huku wakijitahidi ile kinga isipunguke pamoja nao.

Lakini nusu na robo hizo ni za nini hasa? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na nitakuomba ufikirie mkeka.

Kabla ya kuwa mkeka, akina mama husuka ukili wa miyaa, mwembamba na mrefu, kisha kili hizo hushonwa ubavu kwa ubavu. Sasa chukulia kuwa ndani ya kila chembe hai ya muhogo zimo kili 36, ndogo mno, zisizoonekana ila kwa darubini. Wataalamu huziita kromosomu. Kili 18 zimetoka kwa baba na 18 kwa mama, nazo hukaa jozi jozi. Katika kila ukili, tangu mwanzo hadi mwisho, yamesukwa maagizo: jani liwe na umbo gani, mzizi ujaze wanga kiasi gani, virusi vikiingia mmea ufanye nini. Agizo moja huitwa jeni, na maagizo yote ya mmea mzima kwa pamoja huitwa jinomu. Mpira nao una kili 36, na ndiyo maana unaweza kuzaa na muhogo.

Mmea unapotengeneza chavua au yai, kila jozi ya kili hukatwa hapa na pale na kubadilishana vipande. Ukili wa muhogo unaweza kupokea kipande cha ukili wa mpira, kama msukaji aliyeishiwa miyaa ya rangi moja akaendeleza kwa rangi nyingine. Baada ya vizazi vitatu vya kurudishwa kwa muhogo, mkeka wote ni wa muhogo, isipokuwa hapa na pale pana viraka vya rangi ya mpira. Viraka vingine vina kinga, na vingine vimeingia tu kwa kuwa vilikuwa jirani.

Mmoja wa mihogo hiyo ya Amani uliandikwa kwa namba tu, 46106/27. Ni wa uzao ule uliorudishwa kwa muhogo mara tatu. Ukatoka kituoni, ukapita mkono kwa mkono, namba ikasahaulika. Pwani ya Kenya wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakauita Namikonga, wakaamini ni mbegu ya wazee. Kumbe ni mmoja, vipimo vya maabara vimeonyesha hivyo. Na Namikonga ndio uliodhihirika kuwa miongoni mwa mihogo inayostahimili sana michirizi ya kahawia. Mavuno yake si makubwa, lakini watafiti wa nchi hii wameutumia kama mzazi kwa sababu ya kinga yake hiyo.

Uzao mwingine ulikwenda mbali. Katika miaka ya 1950 kazi ya Nichols iliendelezwa na mtaalamu aitwaye Jennings, aliyeioanisha ile mihogo bora ya Amani yenyewe kwa yenyewe. Mbegu za mmoja wapo, wenye namba 5318/34, zilipelekwa Nigeria. Kule Ibadan ukachaguliwa mche mmoja, ukaitwa 58308. Utafiti wa muhogo Amani ulikoma mwaka 1957, na ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini katika miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, iliyo huko huko Ibadan, iliuchukua mche ule ikauoanisha na mihogo yenye mavuno. Humo ndimo zilimotoka mbegu zinazoanza kwa herufi TMS. Siku unapoletewa kipando cha TMS kutoka mbali, ujue babu yake aliondoka Amani.

Na deni hilo lililipwa Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, upande wa Luwero, ilizuka batobato kali kuliko iliyokuwa ikijulikana. Katika miaka ya 1990 ikasambaa nchi nzima, mashamba yakaachwa, watu wakalala njaa, na baadaye ikavuka hadi kanda ya Ziwa huku kwetu. Wataalamu walipovichunguza virusi vyake mwaka 1997 walikuta ajabu: virusi vya aina mbili vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikabadilishana vipande vya maagizo, pakazaliwa cha tatu kikali. Tazama basi, ndugu mkulima. Kumbe kukata na kuunga si kazi ya Amani peke yake, adui naye anasuka. Waganda walinusurika kwa mbegu kama TMS 30572, waliyoiita Migyera, yenye vile viraka vya mpira ndani yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilianza kuenea Uganda, na baadhi ya mbegu zile zile zilizowaokoa na batobato zikaangushwa na huu wa pili. Viraka vya kinga ya batobato vilirithiwa, vya kinga ya michirizi havikurithiwa vya kutosha. Shambani kwa mzee wa Mkinga ilikuwa hivyo hivyo. Nilimpa mbegu yenye nusu ya urithi nikaisifu kana kwamba ina urithi wote. Na juu ya hapo, vipando vyenyewe vilikuwa tayari na ugonjwa ndani, nami sikuchimba hata shina moja kule nilikovichukua ili nitazame mizizi.

Siku hizi viraka hivyo havikisiwi tena. Jinomu ya muhogo ilisomwa na kutangazwa mwaka 2012, yaani watu waliweza kuipitia sehemu kubwa ya mkeka jani kwa jani la muyaa. Mwaka 2016 wataalamu waliilinganisha mihogo mingi na ndugu zake, wakaviona vipande vya mpira waziwazi, Namikonga ikiwa mojawapo ya mihogo iliyo navyo. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa mbegu za IITA na jamaa zake ukaonyesha kuwa vipande virefu viko hasa katika kromosomu ya kwanza na ya nne. Ni virefu kuliko ilivyotarajiwa baada ya vizazi vyote hivi, kwa kuwa hapo ukili wa mpira na wa muhogo hawabadilishani kwa urahisi. Kipande huenda kizima kizima, kizuri na kibaya pamoja.

Na lipo jingine lililonishangaza. Vipande hivyo vimehusishwa pia na wingi wa mizizi na uzito wa muhogo mkavu, yaani makopa na unga. Waliokuwa wakichagua mihogo ya kuzaa sana, miaka yote ile, walikuwa wakichagua mpira bila kujua. Lakini mmea ukipata kipande cha mpira kutoka kwa baba na kwa mama pia, pande zote mbili za jozi, aghalabu hauwi mzuri. Mihogo bora imebaki na kipande upande mmoja, na muhogo halisi upande wa pili, kama mizani iliyotulia.

Hilo lina maana shambani. Wakati mwingine mbegu za tunda la muhogo huanguka na miche ikajiotea yenyewe, na mkulima akasema, huu umetoka kwenye shina zuri, nautunza. Ni bahati nasibu hiyo. Mama alikuwa na kipande upande mmoja tu, kwa hiyo mtoto anaweza kukikosa kabisa, au akapata viwili vikamharibu. Lakini ukikata kipando cha shina, umechukua mkeka mzima kama ulivyo, hakuna ukili uliobadilishwa. Ndiyo faida kubwa ya kipando. Hasara yake ni kwamba huchukua na virusi vilivyomo.

Usidhani ni muhogo peke yake wenye habari za namna hii. Ngano ya chapati tunayokula, ingawa huku pwani haistawi na hulimwa kule Hanang na nyanda za juu, imeundwa na majani ya aina tatu ya mwituni yaliyoungana zamani, ndiyo maana ina kromosomu 42. Wataalamu wake huenda kila mara kwa ndugu za ngano kutafuta kinga ya ugonjwa wa kutu. Kwa miaka mingi mashamba makubwa duniani yalitegemea kipande kimoja kilichotoka kwa nafaka iitwayo rai. Kisha, mwaka 1999, ikatambuliwa huko Uganda kutu mpya ya shina, ikapewa jina Ug99, nayo iliipita kinga ile kama mlango ulioachwa wazi. Ilibidi kurudi tena mwituni kutafuta kinga nyingine. Kwa hiyo mtu akikuambia mbegu hii haitaugua milele, msikilize kwa adabu, halafu endelea na palizi.

Haya, tuje kwenye kazi. Kabla ya masika au vuli, unapotafuta vipando, kwanza ulizia jina la mbegu na uulize maradhi kwa majina yote mawili: "Inavumilia batobato? Na michirizi ya kahawia je?" Jibu la swali moja usilichukue kuwa jibu la mawili. Kwa ukanda wetu wa pwani ulizia Kiroba, ambao mizizi yake haiharibiki sana na michirizi hata majani yakionyesha dalili, na mbegu za utafiti wa nchi hii kama Mkuranga 1, Chereko na Kipusa. Wako wakulima wanaozalisha vipando vilivyokaguliwa na TOSCI, na ofisi ya kilimo ya wilaya inapaswa kukuelekeza waliko. Ukiweza kupata kwao, pata kwao, hata kama ni mzigo mdogo utakaouzidisha mwenyewe.

Ukichukua kwa jirani, na najua wengi tutachukua kwa jirani, nenda ulitembelee shamba wakati majani bado yapo. Ukisubiri yapukutike kiangazi umejifunga kitambaa machoni. Tazama majani ya juu kwa ajili ya batobato, kisha inama utazame majani ya chini na shina changa kwa ajili ya michirizi. Halafu mwombe mwenye shamba akuchimbie mashina matatu au manne, sehemu mbalimbali za shamba. Kata kila muhogo mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu doa huweza kuwa kwenye ncha na katikati pakawa peupe. Ukiona kahawia, shukuru, uondoke bila vipando. Jirani asikasirike, umemfaa na yeye.

Vipando vikate vya urefu wa shubiri moja na zaidi kidogo, vyenye macho matano hadi saba, kutoka kwenye shina lililokomaa. Yakiota, pita shambani kila wiki katika miezi miwili ya mwanzo, na mche wenye dalili ung'oe ungali mdogo. Inauma kung'oa, najua, hasa mvua ikiwa nzuri. Lakini mche ule ndio unaowalisha nzi weupe virusi wanavyovipeleka kwa wenzake. Usipande shamba jipya ubavuni mwa shamba la zamani lililougua ikiwa una mahali pengine.

Na ule mpira nyuma ya jiko? Usiukate kwa ajili ya maneno yangu, mboga yako ile pale. Ila mwaka 2011 watafiti walithibitisha hapa Tanzania kuwa miti hii nayo huweza kubeba virusi vya michirizi ya kahawia. Kama majani yake yaliyokomaa yana unjano kandokando ya mishipa, shamba la vipando lisiwe karibu nao. Na kisamvu chake, kama cha muhogo, kina sumu kikiwa kibichi. Kitwangwe, kichemshwe kikiwa wazi mpaka kiive kabisa.

Yule mzee wa Mkinga tulipatana. Nilikwenda msimu uliofuata na vipando vichache, mzigo wa kichwa tu, kutoka shamba ambalo mimi mwenyewe nilichimba na kukata. Alivipanda peke yake pembeni, mbali na shamba la zamani, akavizidisha kwa misimu miwili kabla hajavipanda eka nzima. Sasa majirani huja kuchukua kwake. Mimi ninapofika na mbegu mpya hunikaribisha, hunipa maji ya dafu, tukasalimiana vizuri, kisha huniletea lile panga na kuniuliza uko wapi muhogo wa shina nililovitoa vile vipando.